Tovuti ya Chuo Kikuu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waliokabidhiwa Kuisimamia

Ukurasa huu ni wa maafisa TEHAMA, maafisa uhusiano, na yule mhadhiri kijana aliyeambiwa kikaoni, "Wewe si unajua kompyuta? Basi shika tovuti ya ndaki." Majibu yametokana zaidi na mazingira ya vyuo vya Tanzania, ila wenzetu wa Kenya na Uganda watajikuta humu pia. Maswali hayakupangwa kwa uzito. Yamefuata namna watu wanavyoyaleta, yaani kuanzia lawama.

Kila kitu kipo kwenye tovuti yetu. Mbona watu wanasema hawakioni?

Kipo kweli, ila kimepangwa kwa akili ya mtu wa ndani. Menyu nyingi za vyuo vikuu ni chati ya utawala iliyogeuzwa vitufe: Makamu Mkuu wa Chuo, naibu wake wa taaluma, naibu wake wa mipango na fedha, kisha ndaki (zile ziitwazo "college" kwa Kiingereza), shule kuu, taasisi na kurugenzi. Mfanyakazi wa chuo anapita humo bila kupotea. Mzazi wa Kahama anayetaka kujua ada ya shahada ya uuguzi hajui kama ada inakaa chini ya Kurugenzi ya Fedha au chini ya Kurugenzi ya Shahada za Awali, na wala hana sababu ya kujua.

Fanyeni jaribio moja lisilo na gharama. Mtafuteni kijana aliyemaliza kidato cha sita, ashike simu yake mwenyewe na siyo kompyuta ya ofisini, mwambieni atafute ada ya mwaka wa kwanza ya kozi fulani, halafu nyamazeni. Msimwonyeshe wala msimtilie neno. Kuna uwezekano mkubwa hatagusa menyu kabisa. Atarudi Google, ataandika jina la chuo na neno "ada", atabonyeza jibu la kwanza, na atatua kwenye PDF ya miaka kadhaa nyuma ambayo hakuna aliyekumbuka kuiondoa. Ataisoma kwa imani yote kwa sababu ina nembo yenu juu. Atampigia baba yake kumtajia kiasi hicho, na Oktoba baba atakuja kugombana na mhasibu dirishani.

Tatizo hapo si rangi za tovuti wala programu iliyoijengea. Kuna ukurasa wa ada usio na mwenyewe. Sehemu kubwa ya majibu yanayofuata yatarudi kwenye jambo hilohilo kwa njia tofauti, mtuvumilie.

Ukurasa wa mwanzo ni wa nani?

Kwa hali ilivyo, ni wa vikao. Yale mabango makubwa yanayopishana juu ya ukurasa hayapo kwa ajili ya msomaji. Yapo ili kila kurugenzi ipate zamu yake na asinune mtu. Ndiyo maana mgeni anafungua tovuti anakuta picha ya ujumbe uliotembelea chuo, kisha uzinduzi wa mpango mkakati, kisha watu wameshikana mikono mbele ya pazia, na kitufe cha kuomba udahili kiko chini huko baada ya kusogeza skrini mara nyingi.

Skrini ya kwanza ya simu iwe na vitu ambavyo watu wanavijia: kuomba udahili, ada na namna ya kulipa, mfumo wa wanafunzi, almanaka, mawasiliano. Habari na picha zije chini. Salamu za Makamu Mkuu wa Chuo ziwe na ukurasa wake wenye heshima zake. Hakuna aliyewahi kukosa nafasi ya chuo kwa kutozisoma.

Mkienda kikaoni kutetea hilo, msiende na hoja ya "wataalamu wanasema". Haishindi. Nendeni na takwimu za tovuti yenu wenyewe: kurasa zipi zilifunguliwa zaidi Agosti, bango lipi lilibonyezwa na wangapi. Rasi, yaani mkuu wa ndaki, akiona bango la ndaki yake halijabonyezwa na watu wa kujaza daladala, huwa analegea. Si wote, lakini wengi.

Blogu za mtaani zinatushindaje Google kwa majina ya wanafunzi wetu wenyewe?

Swali hili linauma na jibu lake linafundisha kuliko semina. Mwaka 2017 Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliacha utaratibu wa udahili wa pamoja, na waombaji wakaanza kuomba moja kwa moja kwenye vyuo. Tangu hapo, kila dirisha la udahili likifunguka au awamu ya majina ikitoka, maelfu ya vijana huandika kwenye simu zao kitu kama "majina ya waliochaguliwa" na jina la chuo na mwaka. Kwenye simu anaandika maneno hayohayo, kwa Kiswahili, na hana habari na lugha ya barua zenu.

Sasa tazameni nyinyi mmeweka nini. Tangazo lenu lina kichwa "Tangazo kwa Umma", au mbaya zaidi kichwa cha Kiingereza kinachotaja mwaka wa masomo tu. Ndani hamna maneno, kuna kiungo cha PDF. PDF yenyewe inaitwa "scan0047". Google haina namna ya kujua kwamba hayo ndiyo majina anayoyatafuta Neema wa Sumbawanga.

Mwenye blogu, ambaye pengine yuko Mbezi na kompyuta moja, ameweka kichwa chenye maneno yaleyale ambayo Neema ameandika. Ameweka aya mbili za maelezo, ameeleza jinsi ya kuthibitisha kwa aliyechaguliwa chuo zaidi ya kimoja, kisha ameweka kiungo cha PDF yenu. Ukurasa wake umejaa matangazo ya biashara hadi kero, lakini unajibu. Msimchukie, ameifanya kazi ambayo ilikuwa yenu. Hatari inakuja pale ambapo blogu nyingine zinaweka tarehe zisizo sahihi au namba ya "wakala wa udahili" anayetaka atumiwe hela kwa simu.

Dawa yake haihitaji bajeti. Kila tangazo liwe ukurasa wenye kichwa kinachosema jambo lenyewe kwa maneno ya anayelitafuta: "Majina ya waliochaguliwa awamu ya kwanza, mwaka wa masomo" na mwaka wenyewe. Chini yake aya fupi: nani anahusika, afanye nini, mwisho lini, akikwama ampigie nani. PDF ifuate. Na anwani ya ukurasa huo iwe ileile kila mwaka, mbadilishe yaliyomo tu. Mkitunga anwani mpya kila mwaka, kila mwaka mnaanza sifuri mbele ya Google, huku ukurasa wa zamani ukiendelea kudanganya watu.

Kwa nini ofisi zetu zinang'ang'ania kutuma barua zilizoskaniwa?

Kwa sababu katika ofisi zetu tangazo lisilo na sahihi na muhuri si tangazo, ni uvumi. Msiwacheke wanaofikiri hivyo. Wanafunzi wenyewe wakiona maandishi matupu kwenye WhatsApp huuliza, "Barua iko wapi?" Muhuri unafanya kazi ya kweli.

Ila barua iliyoskaniwa ni picha. Haitafutiki. Kwenye simu inasomwa kwa kuvutavuta. Mwanafunzi asiyeona, anayetumia TalkBack kwenye simu au NVDA kwenye kompyuta, mara nyingi hapati hata neno moja, kwa kuwa programu hizo za kusomea skrini kwa sauti husoma maandishi, na hapo hakuna maandishi. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa tovuti, WCAG, ambao toleo lake la 2.2 lilitoka Oktoba 2023, unataka pia maandishi ya kawaida yatofautiane na mandharinyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Ukipima kwa kipimo hicho, yale maandishi ya kijivu juu ya nyeupe ambayo wabunifu wanayapenda yanaanguka mapema.

Njia ya kati ipo: maneno ya barua yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, na nakala yenye muhuri iambatishwe chini kwa anayetaka uthibitisho. Ombeni faili la Word kutoka kwa katibu muhtasi kabla barua haijachapishwa. Analo, ni nyinyi hamkumwomba.

Tovuti iwe ya Kiswahili au ya Kiingereza?

Chuo kinafundisha kwa Kiingereza, watafiti wa nje wanasoma Kiingereza, hilo halina ubishi. Lakini anayelipa ada ni mzazi, na mzazi anasoma Kiswahili. Ada, malazi, mkopo, maelekezo ya kujiunga, bima ya afya, taratibu za kuahirisha mwaka, yote hayo yaandikwe kwa Kiswahili kwanza. Machapisho ya utafiti na ushirikiano wa kimataifa yabaki kwa Kiingereza.

Kosa la kawaida ni kuahidi lugha mbili kwa tovuti nzima. Kitufe cha "Kiswahili" kinawekwa juu kwa mbwembwe, ukikibonyeza unakuta menyu imetafsiriwa, ndani ni Kiingereza, na habari ya mwisho ni ya mahafali ya miaka mingi iliyopita. Tafsirini kurasa kumi na mbili na mzitunze, kuliko mia tatu mkazitelekeza. Mafundi wakumbuke pia kutaja lugha ya ukurasa kwenye msimbo, "sw" kwa Kiswahili. Bila hivyo programu ya kusomea wasioona inaweza kulisoma neno "mwanafunzi" kwa matamshi ya Kiingereza, na asikilizaye hataambulia kitu.

Mwenye tovuti ni Kitengo cha Mawasiliano au ni TEHAMA?

Mashine ni ya TEHAMA: seva, usalama, bekapu, masasisho. Maneno ni ya Kitengo cha Mawasiliano. Vita huzuka katikati, na hakuna waraka utakaoimaliza kama kurasa zenyewe hazina wenyewe.

Fanyeni daftari, hata likiwa la Excel. Kila ukurasa muhimu uwe na mstari wake: anwani, cheo kinachowajibika, tarehe ya kupitiwa tena. Cheo, siyo jina la mtu, maana watu huhama, hustaafu, huenda masomoni. Ukurasa wa ada ni wa Bursa. Ukurasa wa almanaka ni wa Kurugenzi ya Shahada za Awali. Ukurasa wa hosteli ni wa Mshauri wa Wanafunzi. Tarehe ikifika na mwenye ukurasa hajathibitisha kwamba bado ni sahihi, ukurasa unapewa onyo juu: taarifa hizi hazijahakikiwa tangu tarehe fulani. Mkishaweka onyo hilo mara moja kwenye ukurasa wa mkubwa mmoja, wengine wote wataanza kujibu barua pepe zenu.

Chuo kinachoitaka tovuti hai kiajiri mhariri mmoja kabla ya kuajiri mbunifu wa pili. Huu ni msimamo wetu na hatuoni aibu nao. Tovuti ya chuo ni kazi ya kuhariri kila siku, na vyuo vyetu huendelea kuihesabu kama mradi wa ujenzi wenye tarehe ya kukabidhi.

Mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo anaweza kupewa kazi ya kupakia habari?

Anaweza, kwa akaunti yake mwenyewe yenye ruhusa ya kuandika rasimu tu. Nywila ya msimamizi mkuu asipewe. Na akimaliza wiki zake, akaunti ifungwe siku hiyohiyo. Pitieni leo orodha ya watumiaji wenye ruhusa kamili. Mtawakuta vijana ambao siku hizi wana watoto.

Menejimenti inataka tovuti mpya kabisa. Tukubali?

Ulizeni kwanza kinachokera ni nini. Kama kinachokera ni taarifa za zamani, tovuti mpya itakuwa na taarifa za zamani zenye rangi mpya ndani ya mwaka mmoja. Wakati mwingine lakini mabadiliko hayakwepeki kwa sababu ya programu iliyojengea tovuti: Joomla 3 iliacha kupokea masasisho Agosti 2023, na Drupal 7 ilifikia mwisho wake tarehe 5 Januari 2025. Aliyebaki huko anaishi kwenye nyumba isiyo na komeo.

Mkiamua kujenga, wekeni nguvu kwenye hadidu za rejea kabla zabuni haijatangazwa. Mambo haya yakikosekana kwenye mkataba mtayalilia: msimbo na muonekano vyote viwe mali ya chuo, nywila zote, pamoja na za usajili wa jina la kikoa (domain), ziwe kwa chuo na siyo kwenye barua pepe binafsi ya fundi, kazi ya kuhamisha kurasa za zamani itajwe kwa idadi, na mzabuni asilipwe malipo ya mwisho mpaka awafundishe watu wawili, siyo mmoja. Vyuo vya umma vikumbuke pia kwamba vinaguswa na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019, hivyo wasilianeni na Mamlaka ya Serikali Mtandao mapema, msingoje mpaka mfumo umekamilika ndipo mwombe baraka.

Kuna jambo moja linalosahaulika karibu kila mara: anwani za kurasa. Tovuti mpya inawashwa Jumatatu, na viungo vyote vilivyotajwa kwenye tasnifu, makala, tovuti za wafadhili na vyuo rafiki vinageuka kuwa "ukurasa haupatikani". Kabla ya kuzima ya zamani, toeni orodha ya anwani zake zote, na kila moja ielekezwe kwenye mwenzake mpya kwa utaratibu wa kudumu, ule ambao mafundi huuita 301. Inachosha. Ifanyeni. Na kama mmeshachelewa, hifadhi ya Wayback Machine, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2001, huenda ikawa na nakala ya kurasa zenu za zamani. Wengi wameokota humo vitu walivyodhani vimepotea.

Tovuti inafunguka kwa kujivuta. Tununue seva kubwa zaidi?

Kabla ya seva, tazameni picha. Afisa habari anarudi kwenye mahafali na kamera nzuri ya megapikseli 24. Kila picha ina upana wa pikseli 6000 na kimo cha 4000, na uzito wa megabaiti kadhaa. Anazipakia tano kwenye mabango ya ukurasa wa mwanzo kama zilivyo. Simu ya mwanafunzi haiwezi hata kuonyesha robo ya pikseli hizo, lakini anazilipia zote kutoka kwenye bando lake. Yaani amelipia picha ya joho la mtu asiyemjua ili aone ratiba ya mtihani.

Picha ya bango ikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1600 na kuhifadhiwa kwa muundo wa WebP, mara nyingi haivuki kilobaiti 200, na hakuna jicho litakalogundua. Ziko plagini, yaani programu ndogo za nyongeza kwenye tovuti, zinazofanya hivyo zenyewe mtu anapopakia. Wekeni hiyo kwanza, kisha mpime tena, kisha ndiyo mzungumze habari za seva.

Seva ikae chuoni au ikodishwe nje?

Seva ya chuoni inapendeza kwenye ripoti, mpaka umeme wa TANESCO ukatike Jumamosi na aliye na ufunguo wa chumba cha jenereta yuko msibani. Ya nje ya nchi haijui mgao wa umeme, lakini ina udhaifu wake. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Tovuti iliyohifadhiwa ndani ya nchi, kwenye kituo cha data chenye umeme wa uhakika na kilichounganishwa na watoa huduma wa hapa, ina nafasi nzuri zaidi siku kama ile. Kwa chuo kikubwa tunapendekeza njia hiyo, na bekapu ikae mahali pengine kabisa. Bekapu iliyo kwenye seva ileile ni mapambo. Na bekapu ambayo hamjawahi kujaribu kuirudisha, msiihesabu.

Siku ya mwisho ya kuomba au siku ya matokeo, mfumo unalala. Tufanyeje?

Mfumo wa udahili na mfumo wa matokeo visikae seva moja na tovuti kuu. Mfumo ukizidiwa, tovuti kuu ibaki imesimama ili iweze kusema "mfumo umezidiwa, tunashughulikia, mwisho umesogezwa hadi saa fulani". Bila hivyo uvumi unachukua nafasi ndani ya dakika, na kijana aliyeko Namtumbo anaamini amekosa chuo.

Matokeo yatolewe kwa makundi: shule kuu hii saa nne, ndaki ile saa sita. Wenzetu wa Kenya wana unafuu kidogo kwenye udahili kwa sababu KUCCPS, chombo chao cha kuwapangia wanafunzi vyuo, hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo. Kwetu kila chuo kinabeba chake.

Tumekuta kurasa za kamari kwenye tovuti yetu. Tumezifuta, zimerudi.

Zitaendelea kurudi. Tovuti za vyuo vikuu duniani kote zinawindwa kwa hili kwa sababu majina ya kikoa ya kitaaluma, kama .ac.tz na .ac.ke, yana heshima mbele ya Google, na wenye kamari wanataka kuazima heshima hiyo bila ruhusa. Mara nyingi nyinyi mkifungua ukurasa mnauona mzuri kabisa. Kinachoonyeshwa kwa Google ni kingine. Andikeni kwenye Google neno "site", nukta mbili, jina la kikoa chenu bila nafasi, kisha neno kama "casino" au "slot". Mkiona orodha ya kurasa msizozijua, mmeingiliwa.

Kufuta kurasa ni kufagia maji na bomba limepasuka. Tafuteni mlango: plagini iliyopitwa na wakati, mandhari ya tovuti (theme) ya wizi iliyopakuliwa bure, tovuti ndogo ya kongamano la zamani iliyosahaulika kwenye seva hiyohiyo. Hii ya mwisho ndiyo mara nyingi huwa chanzo. Kongamano liliisha, waandaaji wakatawanyika, tovuti yao ya WordPress ikabaki bila sasisho lolote. Kagueni watumiaji wasiojulikana, kagueni kazi zinazojiendesha kwa ratiba kwenye seva, rudisheni bekapu ya kabla ya uvamizi, badilisheni nywila zote na za hifadhidata pia, kisha ndipo muombe Google ipitie upya kupitia Search Console, huduma yake kwa wenye tovuti.

Cheti cha usalama kimeisha muda na kivinjari kinawatisha wageni.

Let's Encrypt hutoa vyeti bure, na seva ikiwekwa vizuri inavihuisha yenyewe. Jina la kikoa halijihuishi hivyo kwa kila mtu. Hakikisheni ankara yake inafika kwa mtu aliyepo kazini.

Tukiboresha muonekano tutapanda kwenye Webometrics?

Hapana. Orodha hiyo ya kupanga vyuo vikuu vya dunia kwa nafasi ilianzishwa 2004 na maabara ya Cybermetrics, ya baraza la utafiti la Hispania, CSIC, na imekuwa ikitolewa mara mbili kwa mwaka. Jina lake linawafanya wengi waamini kuwa ni mashindano ya urembo wa tovuti. Katika matoleo ya miaka ya karibuni nusu ya alama zimetoka kwenye viungo ambavyo tovuti nyingine zinaelekeza kwenu, asilimia 40 kwenye makala za utafiti zilizonukuliwa sana, na asilimia 10 kwenye manukuu ya watafiti wenu kwenye Google Scholar. Rangi haipo.

Tovuti inachangia kwa njia nyingine: hifadhi ya tasnifu na makala iliyo wazi na inayotafutika, wasifu wa wanataaluma wenye viungo vya Google Scholar na ORCID (namba ya utambulisho ya mtafiti), na jina moja tu la kikoa. Chuo kikibadili jina la kikoa au kutumia mawili, viungo vyake vinagawanyika na kinajipunguzia chenyewe.

Wasifu wa wanataaluma usasishwe na nani?

Wao wenyewe, wakikumbushwa wakati wa kujaza fomu za kupandishwa cheo, maana hapo tu ndipo wasifu wao unakuwa tayari. Walioondoka waondolewe ndani ya muhula. Waliofariki wasifutwe usiku kimyakimya. Wahamishiwe kwenye ukurasa wa kumbukumbu wa idara, na familia iarifiwe kabla. Wako wajane na watoto wanaofungua ukurasa ule zaidi ya mnavyodhani.

Tunaruhusiwa kuweka majina, namba za simu na matokeo hadharani?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, na Kenya ina yake tangu 2019. Mwaka 2023 mamlaka ya Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi shilingi za Kenya 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi, kwa hiyo hili si jambo la kinadharia. Kwa matokeo, mwanafunzi aingie kwenye akaunti yake aone yake. Kwa majina ya waliochaguliwa, wekeni kinachohitajika tu mtu ajitambue. Namba ya simu, jina la mzazi na kiasi cha mkopo havihitajiki, ingawa tumeviona vyote kwenye PDF za wazi za vyuo mbalimbali. Mpitieni mwanasheria wa chuo.

Prospektasi za zamani tuzifute ili kupunguza mkanganyiko?

Ziondoeni njiani, msizifute. Mhitimu aliyeko Muscat au Hamburg anaombwa na mwajiri, au na chuo cha huko, maelezo ya kozi alizosoma muongo uliopita. Akizikosa kwenye tovuti anaanza kupiga simu kwa msajili, msajili anatafuta kabati, na kabati limehamishwa. Tengenezeni ukurasa wa kumbukumbu, kila prospektasi ikiwa na mwaka wake kwenye jina la faili na onyo kubwa kwamba ada na sifa zilizomo hazitumiki tena.

Wanafunzi wote wako Instagram na WhatsApp. Bado tunahitaji tovuti?

Tangazo lisambae huko, lakini lizaliwe kwenye tovuti, na kila mlichokituma kiwe na kiungo cha kurudi. Picha ya tangazo isiyo na kiungo inazunguka kwenye magrupu mpaka mwaka unaofuata, tarehe ikiwa imekatwa.

Ile kaunta ya wageni chini ya ukurasa iondolewe?

Iondoeni. Haiwaambii wageni kitu, na nyingine huhesabu upya kila mtu anapobonyeza kitufe cha kurudi nyuma. Mkitaka namba zenye kazi, fungueni orodha ya maneno ambayo watu wameyaandika kwenye kisanduku cha kutafutia cha tovuti yenu na hawakupata jibu. Isomeni kila Ijumaa. Mtakuta "hosteli", mtakuta "ada" imeandikwa kwa tahajia zote, mtakuta "sapu lini", yaani mitihani ya marudio, na karibu kila msimu mtamkuta mtu anayeuliza bumu, ile hela ya kujikimu ya mkopo, linatoka tarehe ngapi. Hilo la mwisho mjibuni hata kama jibu ni kwamba linategemea Bodi ya Mikopo.